Waheshimiwa Waliogombea Ineptitudi

Nchi yenyewe siitaji jina, maana ina mahakama na mimi nina watoto wa kulisha. Tuiite Subirini, basi, na kama wewe unaishi pahali panapofanana napo, shauri yako. Mimi hapa sisemi mtu. Mimi ni Mwanamvua binti Kombo, mpika chai wa Wizara ya Madaraja, Vivuko na Mengineyo, mwaka wa kumi na tisa sasa, na nitakayoyaeleza ni yale niliyoyaona nikiwa nimeshika sinia.

Kwanza ujue desturi za kwetu, la sivyo utadhani nazua. Huku Subirini, mkubwa haulizi. Mtoto anauliza, mgeni anauliza njia, mgonjwa anauliza zamu yake. Lakini ukishapewa kile kiti kinachozunguka, kuuliza kunakoma siku hiyohiyo, kwa sababu anayeuliza ametangaza kuwa hajui, na kama hajui, watu watasema kiti alikipataje. Kwa hiyo faili likimfikia mkubwa na asilielewe, huandika "Naafiki" akalisukuma mbele. Desturi ya pili ni kwamba ripoti kwetu husomwa kuanzia mwisho, penye sahihi na mhuri, na kwa kuwa wakubwa wana shughuli nyingi, wakishausoma mstari wa mwisho huwa wamemaliza. Nchi imekwenda hivyo tangu uhuru, na haijambo.

Ndiyo sababu wizara ilipoletewa kamusi kubwa ya Kiingereza, zawadi ya wafadhili, ilizunguka ofisi saba kwa siku moja. Kila mkubwa aliirudisha kwa ukali. "Mimi nipewe kamusi! Mtu akitaka kunitukana anitukane waziwazi!" Mwisho ikaangukia jikoni kwangu, nikawa naiwekea birika la moto ili meza isiungue. Jalada lake lina duara jeusi mpaka leo. Nami nilisoma hadi kidato cha nne, hisabati tu ndiyo iliyonileta kwenye chai, basi maji yakichelewa kuchemka nilikuwa nafunua kurasa. Nilianzia A. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimefika mwisho wa H.

Sasa daraja.

Mto Kigwe unaukata mji wetu vipande viwili. Huku kuna wizara, kule Ng'ambo kuna watu. Mvua ikinyesha, watu wa Ng'ambo hawaji hospitali, hawaji sokoni, wanakaa wanatutazama. Serikali ikaamua kujenga daraja, na fundi mkuu akawa shemeji yangu Shekue, mume wa mdogo wangu Siwatu. Shekue ni mtu mpole, anapima mara tatu ndipo akate. Hata mkate wa chai nyumbani anaupima kwa kidole kabla ya kuugusa kwa kisu, mpaka watoto wanalia njaa.

Siku aliyopewa mchoro alikuja wizarani mbio. Nilikuwepo, nikimimina.

"Mheshimiwa," akamwambia Waziri wetu, Mheshimiwa Kizito Ndolela, "mchoro huu si wa mto wetu. Hapa unaonyesha maji yanakwenda kaskazini, na Kigwe unakwenda kusini. Nguzo hizi nazo ni fupi. Tukijenga hivi litaanguka."

Mheshimiwa hakuinua kichwa. "Fundi, umeitwa kujenga. Hukuitwa kuuliza."

Shekue hakuchoka. Akaandika barua: litaanguka, litaanguka, kwa sababu hizi na hizi. Barua ikapanda ngazi, ikafika juu, ikashuka imeandikwa "Naafiki." Ikatiwa kwenye jalada lake na kazi ikaendelea.

Daraja likafunguliwa kwa ngoma tatu na hotuba sita. Likadumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, likajikalisha mtoni polepole kama bibi mwenye magoti mabovu. Kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu juu yake ila mbuzi mmoja, naye kumbe alijua kuogelea. Saa sita mchana Shekue alikuwa rumande.

Siwatu akanijia jikoni, kanga imelowa machozi.

"Dada, wanasema miaka saba! Miaka saba! Mume wangu si aliwaambia? Na wewe si ulisikia kwa masikio yako?"

"Nilisikia, mdogo wangu."

"Basi nenda ukaseme!"

Ningesemea wapi? Sheria ya Subirini inataka shahidi awe mtu mwenye kiti, na mimi miaka kumi na tisa nimesimama. Nilimkumbatia Siwatu, tukalia wote mpaka maji ya chai yakakauka kwenye birika. Sijapata kuichukia kazi yangu kama siku ile.

Wafadhili nao wakamleta mtaalamu wao, mzungu mwembamba mwenye viatu vya mvua. Alipima siku mbili, chai yangu hakuigusa, akaandika ripoti ya kurasa arobaini kwa Kiingereza na kuondoka. Ripoti ikaanza safari. Kila mkubwa akaifungua kwa nyuma, kama desturi, akakuta mstari wa mwisho juu ya sahihi unasema kwamba katika miaka thelathini ya kazi, katika mabara manne, yeye mtaalamu hajapata kukutana na ineptitudi kubwa kama hii.

Neno hilo hakuna aliyelijua. Lakini lilikuwa refu, lilikuwa la Kiingereza, na mabara manne hayalingani nalo. Mkurugenzi wa Nguzo, Bwana Fumbwe, akaandika: "Naafiki. Ineptitudi hii itunzwe." Katibu Mkuu akaongeza: "Itunzwe na iendelezwe hadi wilayani." Mheshimiwa Ndolela akamalizia kwa wino mwekundu: "Kila ofisi iwe na ineptitudi yake kabla ya mwezi wa saba."

Mimi ndiye niliyekuwa nachukua faili kutoka meza hii kwenda ile, pamoja na vikombe. Niliporudi jikoni maji yalikuwa bado. Nikaondoa birika, nikafunua kamusi. Nimeshasema nilikuwa nimefika mwisho wa H, sikuwa na mwendo mrefu. Nikalipata, nikalisoma, nikalirudia. Wallahi nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la mkaa na gauni langu jeupe.

Halafu nikaacha kucheka. Kesi ilikuwa Alhamisi, na ripoti ile ndiyo kielelezo cha mwendesha mashtaka. Angesimama, angenyoosha kidole kizimbani, angesema kitu hiki kikubwa kilichoangusha daraja ni cha fundi huyu. Shemeji yangu angekwisha. Nikawaza: kitu hiki kina mwenyewe, na mwenyewe hajafichwa, yupo ghorofa ya tatu anangoja chai yenye tangawizi.

Nikapanda.

"Hongera, Mheshimiwa," nikasema nikimimina.

"Asante, asante," akajibu, maana mkubwa haulizi hongera ya nini.

"Hongera ya ile ineptitudi. Ila binadamu tuna husuda! Nilipopeleka vitumbua Wizara ya Mipango, nikasikia Mheshimiwa Mbaruku anawaambia wageni kwamba ni yake."

Hapo nilisema uongo, Mungu anisamehe. Lakini ulikuwa uongo wa nusu saa tu, kama utakavyoona.

Kikombe kikagonga sahani. "Yake! Mbaruku! Daraja ni la wizara yangu! Mchoro nimeusaini mimi, tena ndani ya gari, bila hata kuufunua, sekunde mbili tu! Mbaruku angekaa nao mwezi mzima anausoma!"

"Ndivyo nilivyowaambia, Mheshimiwa."

"Yule fundi alipokuja kunipotezea wakati na habari za nguzo fupi, aliyemfukuza ni mimi! Ineptitudi yote imetoka kwenye kiti hiki!" Akakipiga kiti, kikazunguka naye kidogo.

"Ni kweli kabisa. Lakini yeye nasikia anakwenda kula kiapo, apeleke mahakamani iandikwe jina lake. Na ripoti ikishasomwa Alhamisi, basi tena."

"Niitie mwandishi!" akanguruma. "Naapa leo!"

Nikashuka, nikavuka barabara, nikaingia Mipango na chupa yangu ya chai. "Mheshimiwa Mbaruku, pole," nikasema. "Mheshimiwa Ndolela anakula kiapo kuwa ineptitudi ni yake peke yake." Naye Mbaruku, mtu wa kikohozi, akakohoa mpaka tai ikampinda.

"Mwongo mkubwa! Mchoro nimeuleta mimi! Nimeupata kwenye semina ng'ambo ya bahari, ni wa mto wa nchi nyingine kabisa! Bila mimi lile lingekuwa daraja la kawaida!"

Basi hapo uongo wangu ukawa kweli. Sikuhitaji kusema tena. Bwana Fumbwe alisikia kwenye lifti, akakimbilia kuapa kwamba mchanga wa pwani uliotiwa kwenye zege badala ya kokoto ni ubunifu wake, na hakushauriwa na mtu. Katibu Mkuu akaapa kuwa barua ya fundi aliipitisha yeye bila kuifungua bahasha. Hata Mkuu wa Itifaki akaingia, maskini, akiapa kwamba siku ya ufunguzi alipanga magari yote ya msafara yasimame juu ya daraja kwa pamoja, kwa hiyo naye anastahili kipande. Kufikia Jumatano jioni hati za kiapo zilikuwa tisa, na kamishna wa viapo aliishiwa wino wa mhuri. Kila hati ilikuwa na maneno haya, kwa kuwa mwandishi alikuwa mmoja: ineptitudi hii ni yangu mimi, na kiapo hiki sitakiondoa kamwe.

Alhamisi mahakama ilijaa mpaka madirishani. Shekue alikuwa kizimbani, amekonda, shati linamning'inia. Siwatu alikaa mbele, amenishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Nilikuwa na kapu langu, na ndani ya kapu, chini ya vikombe, kilikuwemo kile kitabu.

Hakimu alikuwa Mzee Mwinyikai, amebakiza wiki mbili astaafu. Kiti chake kinachozunguka kilikuwa kimeshachukuliwa na mrithi wake, naye akaketi kwenye kiti cha plastiki, na nadhani ndicho kilichomrudisha katika hali ya ubinadamu.

Mwendesha mashtaka akaanza: "Mheshimiwa Hakimu, mtaalamu amethibitisha kuwa kilichoangusha daraja ni ineptitudi. Na ineptitudi hiyo ni ya mshtakiwa..."

"Mwongo!" Mheshimiwa Ndolela akaruka juu, hati mkononi. "Fundi wa mwiko ataitoa wapi? Ni yangu!"

"Yangu!" akasema Mbaruku, akakohoa.

"Waheshimiwa, yangu!" akalia Bwana Fumbwe, na wale wengine sita wakasimama kwa pamoja, karatasi zikipepea. Askari alitaka kuwatuliza lakini hakujua aanze na nani, wote walikuwa wakubwa wake.

Hakimu akapokea hati zote tisa, akazisoma moja moja, kuanzia mwanzo. Jamani, mkubwa kusoma kuanzia mwanzo! Watu walinong'onezana. Kisha akamtazama Ndolela juu ya miwani.

"Na huyu mshtakiwa, Mheshimiwa, unasema anayo kiasi gani?"

"Huyu?" Ndolela akacheka kwa dharau. "Hana hata chembe! Naapa mbele ya Mungu na mbele ya taifa!"

"Na nyinyi wengine?"

"Hana hata chembe!" wakaitikia wanane, kama wanakwaya.

"Karani, andika hivyo," akasema hakimu. Halafu akafanya jambo ambalo halijapata kufanywa katika jengo lile. "Sasa nielezeni. Neno hili maana yake nini?"

Katibu Mkuu alitazama viatu vyake, Mbaruku alijitafutia kikohozi asikipate. Mwendesha mashtaka akasema kwamba neno lenyewe linajieleza.

Nikasimama. Kwa hilo nilikuwa na uzoefu. "Mheshimiwa Hakimu, mimi si shahidi, sina kiti. Nimeleta kitabu tu."

Hakimu akalitazama lile duara jeusi la birika, akafunua penye kijiti cha kibiriti nilichowekea alama, akasoma na kututafsiria taratibu, asiruke kitu.

"Maana yake: hali ya mtu kutoiweza kazi aliyokabidhiwa, kuboronga, kutenda pasipo ujuzi wala akili. Asili yake: limetoka katika Kilatini cha Warumi wa kale. Kipande chake cha mbele ni cha kukanusha, cha nyuma ni cha kufaa. Yaani, asiyefaa." Akatikisa kichwa. "Kumbe Warumi nao walikuwa na wizara. Matumizi yake: aghalabu husemwa juu ya wenye vyeo. Mfano: mji uliteketea kwa ineptitudi ya waliowekwa kuulinda."

Akafunga kamusi. Mheshimiwa Ndolela, aliyekuwa bado amesimama, akaketi kidogo kidogo.

"Mheshimiwa Hakimu," akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "naomba kukiondoa kiapo changu."

"Kiapo chako kinasema hutakiondoa kamwe," akajibu Mzee Mwinyikai. "Mahakama hii inaheshimu sana viapo. Watu tisa wenye vyeo wameapa kuwa ineptitudi ni yao, na kwamba mshtakiwa hana hata chembe. Shekue, toka humo kizimbani, nenda nyumbani kwako."

Siwatu alipiga kigelegele kilichopasua dari. Shekue alilia kama mtoto, akasahau hata kuvaa viatu.

Utasema sasa wale tisa walikwenda jela. Ndugu yangu, nimekwambia hii ni Subirini. Mzee Mwinyikai alistaafu baada ya wiki mbili zake, na baraza la mawaziri likakaa kikao cha dharura. Viapo haviondoki, lakini maana inaondoka. Ikapitishwa kwamba neno ineptitudi limepewa uraia, na kuanzia siku hiyo, ndani ya mipaka yetu, maana yake ni uongozi uliovuka kiwango. Wale tisa wakavishwa Nishani ya Ineptitudi, duara kubwa la shaba lenye picha ya nguzo. Ikaundwa pia tume ya kuitafuta ile kamusi. Tume ilinihoji jikoni kwangu, kamusi ikiwa mezani chini ya birika, wakanywa chai vikombe viwili viwili na kuandika: "Haikuonekana."

Kisha likatoka tangazo la kazi ya kulijenga upya daraja la Kigwe. Mwombaji awe na ineptitudi isiyopungua miaka kumi, yenye kuthibitishwa. Shekue akaomba, yule bwana haachi. Jibu likaja kwa barua, nami ndiye niliyempelekea. Likasema kuwa kwa mujibu wa hukumu ya mahakama, yeye hana hata chembe, hivyo hafai.

Waliofuzu walikuwa kumi na wawili. Wakaanza vikao, na mvua zikaanza pia. Siku ya tatu ya mvua, mwanamke mmoja wa Ng'ambo mwenye uchungu wa kuzaa alivushwa akiwa mabegani mwa wanaume wanne, maji yakiwafika kifuani. Alijifungua salama, lakini Shekue aliona kwa macho yake, na ndiyo siku ya kwanza kumwona amekasirika.

"Shemeji," akaniambia, "mimi sisubiri tena."

Watu wa Ng'ambo walileta mbao za mvule, nyaya za chuma na mikono yao. Shekue akapima mara tatu, mara ya nne akapima kwa hasira, akajenga. Wiki tano. Daraja jembamba la waenda kwa miguu, lakini linapita juu ya maji na kufika upande wa pili, jambo ambalo kwetu lilikuwa geni. Serikali iliposikia limekwisha, ikatangaza haraka kwamba inalifungua.

Wakaja wote tisa, wamevaa nishani. Nami nikaja na sinia. Ngoma tatu, hotuba sita. Mheshimiwa Ndolela akakata utepe, watu wakapiga makofi, na kikabaki kile kitendo ambacho itifaki haiwezi kukikwepa, kwamba lazima mkubwa avuke. Chini Kigwe ulikuwa umejaa, mwekundu, unavuma. Mheshimiwa akainua mguu, akaurudisha. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaniinamia sikioni kana kwamba anataka sukari.

"Mwanamvua," akanong'ona, "hili kalijenga nani?"

Miaka kumi na tisa namtilia chai, na hilo ndilo swali la kwanza kumsikia akiuliza kwa kutaka jibu.

"Shekue, Mheshimiwa. Yule fundi."

"Yule asiyekuwa nayo?"

"Hana hata chembe, Mheshimiwa. Si uliapa mwenyewe?"

Akashusha pumzi ndefu, akajifuta jasho kwa ncha ya utepe. "Alhamdulillahi," akasema. Akawageukia wale wanane, akawapungia mkono waje, akakanyaga ubao wa kwanza kwa uzito wake wote. Nao wakamfuata mmoja mmoja, wameshika kamba, nishani zikiwagongagonga vifuani.